Unyevu Ndio Uhai wa Kupe



Juma hili ukurasa wetu unawaelekea akina mama wenzetu waishio Kutus, katika Kirinyaga, ambako ng'ombe mmoja wa maziwa aliyefungwa bandani huwa ndiye karo ya watoto na chai ya nyumba nzima. Wafugaji wa pwani nao wasikize, kwani hewa yetu ni yenye unyevu zaidi ya mwezi mmoja au miwili.

Masika yanapoingia mwezi wa Machi, kupe huonekana kwa wingi masikioni mwa mnyama, na watu husema mvua imewaleta. Walikuwapo tangu hapo. Mvua imewapa tu kile wasichoweza kuishi bila yake, nacho ni unyevu wa hewa.

Kupe wa masikio, mwenye rangi ya kahawia, hukaa juu ya ng'ombe siku chache tu kwa kila mlo. Sehemu kubwa ya umri wake huipitisha chini, akingoja. Jike akishiba damu huanguka, akatafuta kivuli chenye ubichi, akataga mayai kwa maelfu, kisha akafa. Mayai yakipigwa na hewa kavu husinyaa. Yakipata unyevu, hutoka vitoto vya miguu sita vinavyopanda juu ya majani kumvizia mnyama. Vikianza kukauka hushuka penye ubichi, vikafyonza mvuke wa hewa kwa vinywa vyao, kisha vikapanda tena. Kupe mkubwa aliyehifadhika hivyo aweza kukaa zaidi ya mwaka bila kula.

Kupe huyu ndiye achukuaye ndigana kali. Tezi za chini ya sikio huvimba, homa hupanda, pumzi hubana, na ng'ombe asiyetibiwa mapema hufa katika majuma machache. Iko chanjo iliyobuniwa Muguga, karibu na Nairobi, itolewayo mara moja tu. Muulizeni daktari wa mifugo.

Basi, dada zangu, kumwogesha ng'ombe dawa peke yake hakutoshi. Fagieni banda kila siku, tandiko bichi liondolewe, na mkojo upate mfereji. Nyasi ndefu za kando zifyekwe ili jua lifike ardhini. Majani yaliyokatwa penye maji yaanikwe kwanza. Kupe aliyeshiba asitupwe uwanjani, kwani hapo ndipo atakapotaga. Atiwe katika kopo la mafuta ya taa. Dawa iwekwe mbali na watoto, na maagizo ya chupa kuhusu maziwa yafuatwe.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika banda la ng'ombe, ufa huo ndimo kupe ajifichamo.

Wassalaam, hadi juma lijalo inshaallah.