Chanjo ya Binti Zetu Si Jambo la Mzaha

SARATANI ya shingo ya kizazi ndiyo inayoongoza miongoni mwa saratani za wanawake nchini Tanzania. Mwaka 2022 iliua wanawake wapatao 350,000 duniani kote, na walio wengi mno kati yao walikuwa wa nchi zisizo tajiri kama yetu. Hata hivyo maradhi haya yanazuilika. Kwa hiyo kila kifo kinacholetwa na uzembe au uvumi ni aibu yetu sote, wananchi na viongozi.

Mwaka 1983 Profesa Harald zur Hausen na wenzake, katika Ujerumani ya Magharibi, waligundua ndani ya uvimbe wa saratani hiyo virusi vya papiloma aina ya 16, na baadaye aina ya 18. Aina hizo mbili husababisha takriban asilimia 70 ya saratani ya shingo ya kizazi. Kwa kazi hiyo alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2008.

Kikulacho ki nguoni mwako. Virusi hivi huingia katika chembe hai za shingo ya kizazi bila ya kuziua wala kuleta homa, na havisambai kwa njia ya damu. Basi kinga ya mwili huchelewa kuvitambua. Kwa wanawake walio wengi hatimaye kinga huvifukuza katika muda wa mwaka mmoja au miwili. Kwa wachache hubakia, na mara nyingi jeni zake hujipachika katika jeni za mama mwenyewe. Hapo jeni mbili za virusi, E6 na E7, hupata kufanya kazi bila ya kizuizi. Ya kwanza huangamiza protini inayosimamisha chembe iliyoharibika. Ya pili huifunga protini inayozuia chembe isigawanyike ovyo. Chembe hiyo huwa kama jahazi lisilo nanga wala usukani.

Safari hiyo huchukua miaka 15 hadi 20 kwa mwenye kinga madhubuti, lakini miaka 5 hadi 10 tu kwa ambaye kinga yake imedhoofika na haikutibiwa. Ndiyo maana wanawake wanaoishi na virusi vya UKIMWI wamo katika hatari mara 6 zaidi ya wenzao.

Tangu mwaka 2018 Tanzania imekuwa ikitoa chanjo hii kwa wasichana, na mwaka 2024 ulianza utaratibu wa dozi moja kwa wenye umri wa miaka 9 hadi 14. Pamoja na hayo, wako wanaonong'ona vibarazani kwamba chanjo itawafanya binti zetu wawe tasa. Maneno hayo hayana msingi. Chanjo imetengenezwa kwa protini ya gamba la nje la virusi peke yake. Ndani yake hamna jeni hata moja, hivyo haiwezi kuambukiza wala kuleta saratani. Kinachomnyima mwanamke uzazi ni saratani yenyewe, ambayo mara nyingi humlazimisha daktari kukiondoa kizazi.

Wako pia wanaodai kwamba maradhi haya ni ya wanawake wasio na staha. Huo ni uonevu. Virusi hivi huambukizwa kwa kujamiiana, na mke mwaminifu anaweza kuvipata kutoka kwa mumewe. Mwanamume anayemzuia mkewe kwenda kupimwa kwa kuona haya anamtwisha mzigo ambao huenda ameuleta yeye.

Tunatoa wito kwa masheha, walimu wa vyuo na wa skuli, na maimamu, wawe mbele katika kuwaelimisha wazazi. Kwa upande wa Serikali, uchunguzi kwa siki, ambao ni rahisi na hauhitaji mitambo mikubwa, hauna budi kufika katika kila kituo cha afya cha Unguja na Pemba, hata visiwa vidogo, pamoja na wahudumu waliofunzwa. Kwa miaka mingi wagonjwa wa visiwani waliohitaji mionzi wamekuwa wakivuka bahari hadi Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, na wengine wamefika wakiwa wamekwisha chelewa.

Dini yetu inatuhimiza kutafuta dawa, na kinga ni dawa iliyotangulia. Mzazi asingoje kesho.