Goma: Staji ya kubeba mafaili haimfundishi kijana kazi

Kila mwaka vyuo vikuu vya Goma, UNIGOM na vile vya binafsi kama ULPGL, hutoa vijana wenye diploma mkononi. Kabla ya kuhitimu, wengi hupitia staji katika ofisi, hospitali au redio za mji. Waulize walijifunza nini huko. Si wachache watakaojibu: kupiga fotokopi, kubeba mafaili, kumnunulia mkubwa unite za simu. Mwishoni walipewa karatasi yenye muhuri, wakarudi nyumbani.

Kwenye karatasi hiyo kuna jina la msimamizi wao, yule ambaye mjini huitwa kwa Kifaransa encadreur. Mara nyingi ni jina tu. Alitia saini siku ya mwisho, na pengine hata sura ya kijana haikumbuki.

Ajabu ni kwamba Goma haikosi mfano mzuri, na haupo mbali. Kwenye karakana za chukudu, kile chombo cha mbao kinachobeba viazi, makaa na magunia ya saruji kila barabara, hakuna anayepewa cheti. Mwanafunzi hukaa karibu na fundi. Anaona jinsi mbao zinavyochaguliwa na gurudumu linavyochongwa na kuvikwa mpira wa gari kuukuu. Kisha anaachiwa panga mkononi. Akikosea, mbao inapotea, na hasara ni ya fundi. Hapo ndipo kuna tofauti: mlezi wa kazi anakubali kugharimika kwa makosa ya anayejifunza. Msimamizi wa karatasi hagharimiki kitu.

Hata katika kazi zinazodai masomo marefu njia ni hiyohiyo. Daktari Jo Lusi, mpasuaji wa mifupa, na mkewe Lyn walipoanzisha mjini hospitali ambayo leo ni HEAL Africa, moja ya shabaha zao ilikuwa kuwafunza madaktari vijana wa Kikongo waliotoka chuo wakiwa na nadharia nyingi na mazoezi machache. Daktari kijana alihitaji kusimama mezani pamoja na mkubwa wake, kwanza akitazama, baadaye akishika kisu mwenyewe huku mkubwa akiwa bado pale. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilishuka mjini na kuiharibu hospitali hiyo. Ilijengwa upya, na mafunzo yakaendelea. Lyn Lusi alifariki mwaka 2012, lakini hospitali inafanya kazi hadi leo, kwa sababu ujuzi ulikuwa umekwisha kugawanywa kwa wengi.

Suala hili limekuwa zito zaidi tangu mwisho wa Januari 2025, mji ulipoingia mikononi mwa M23. Benki zilifunga milango, uwanja wa ndege ukafungwa, na watu wengi wenye uzoefu wakaondoka na familia zao. Mhasibu wa miaka 20 kazini, mwanasheria, mhandisi wa maji: kila mmoja aliyevuka mpaka amebeba shule nzima kichwani. Kijana aliyebaki ana diploma na simu, basi. Wachache waliobaki na ujuzi wao hawana tena ruhusa ya kuuficha, ingawa inaeleweka kwa nini baadhi yao hufanya hivyo. Pale kazi ni moja na wanaoitaka ni 100, kumfundisha kijana huonekana kama kumpa kiti chako.

Kuna jambo jingine ambalo huzungumzwa kwa sauti ya chini. Wapo wakubwa wanaodai pesa ili wampokee mwanafunzi, na wapo wanaodai mwili wa msichana ili watie saini. Hao wasiitwe walezi. Mzazi anayemwambia binti yake avumilie ili apate nafasi anamsukuma shimoni, na chuo kinachosikia na kunyamaza hakina udhuru wowote.

Vyuo vinaweza kuanza na hatua ndogo isiyohitaji mfadhili: kukataa ripoti ya staji isiyoonyesha kazi tatu au nne ambazo mwanafunzi alizifanya kwa mkono wake, na nani alimsahihisha. Ofisi nazo zipokee vijana wawili zinaoweza kuwafunza badala ya kumi wa kujaza viti.

Kijana naye ana sehemu yake. Anayemwendea mkubwa na kuomba "msaada" hurudi na nauli ya pikipiki. Anayekwenda na kazi aliyoijaribu, hata ikiwa na makosa, na kuuliza, "Papa, hapa nimekosea wapi?" anamwekea mkubwa jambo mezani ambalo ni vigumu kulikwepa. Na arudi wiki inayofuata akiwa amesahihisha.