Si Uvivu, ni Sahani

Kwetu pwani, mke akinenepa husifiwa mume. Akiugua kwa unene ule ule, hulaumiwa mke, akaambiwa mvivu. Nami nalikuwa miongoni mwa wasemao hivyo, hata niliposoma utafiti uliotolewa mwaka 2008 na Amy Luke wa Chuo Kikuu cha Loyola, Chicago, pamoja na wenziwe.

Waliwalinganisha wanawake 149 wa vijiji viwili vya Nigeria na 172 wa Chicago wenye asili ya Afrika. Wa Nigeria walikuwa na uzito wa wastani wa kilo 58 hivi. Wa Chicago, 83. Utadhani wa kijijini ndio wajitaabishao zaidi. La hasha! Nguvu walizotumia kwa harakati za kutwa zilikaribiana: kalori 800 kwa 760. Kilichotofautiana mno ni chakula: huku mafuta haba, kule mafuta tele na vyakula vya viwandani.

Sisemi tubweteke. Kutembea huufaa moyo na husaidia kuzuia kisukari. Lakini mafuta na sukari za nyumbani, mnunuzi ni nani? Mtume (S.A.W.) alitufunza thuluthi ya tumbo iwe chakula, thuluthi kinywaji, thuluthi pumzi. Basi waume, tuanze na kikapu cha sokoni; lawama tuziache.