Kamera Shuleni: Tusinunue Tarakimu

Mwaka wa 2025 kampuni ya Canon ya Japani ilifanya jambo ambalo miaka michache iliyotangulia lingeonekana kuwa mzaha. Iliirudisha sokoni kamera ndogo ya mfukoni, IXUS 285 HS, iliyotoka kwa mara ya kwanza mwaka wa 2016. Iliibadilisha mambo machache tu, ikaliongezea jina lake herufi moja, kisha ikaiuza kwa bei iliyoipita ile ya awali. Sababu ni kwamba vijana wengi ng'ambo, waliokulia mikononi mwa simu, wameanza kuzisaka kamera ndogo za enzi ya utoto wao, na wafanyabiashara si watu wa kuliacha soko lipite hivi hivi.

Wakati huo huo, kamera kubwa zenye kioo ndani, zile zijulikanazo kwa ufupisho wa DSLR, zinazidi kushuka thamani. Wenye viwanda wamegeukia kamera zisizo na kioo, na wapigapicha wengi wa magazeti na wa harusi wamewafuata. Matokeo yake ni kwamba kamera iliyokuwa fahari ya mwenyewe mwaka wa 2008 sasa huuzwa ikiwa mtumba, kwa bei ambayo mara nyingi haifiki ile ya kamera mpya ya mfukoni.

Yamkini msomaji atauliza: haya yanamhusu nini mwalimu wa Kenya? Yanamhusu sana. Katika shule zetu nyingi za bweni mwanafunzi haruhusiwi kuwa na simu. Chama cha wanahabari, chama cha mazingira na kikundi cha drama hutegemea kamera moja ya shule, iliyonunuliwa kwa pesa za wazazi baada ya mabishano marefu katika kikao cha bajeti. Pesa hizo hazipatikani mara mbili. Kamera ikichaguliwa vibaya, wanafunzi huingia na kutoka shuleni miaka nenda miaka rudi bila ya kujifunza kwayo lolote ila kubonyeza kidude. Kwa hiyo uamuzi baina ya kamera ndogo mpya na kamera kubwa kuukuu haufai kuachiwa wapenda mitambo peke yao. Ni uamuzi wa elimu.

Tuanze na lugha, maana hapo ndipo mnunuzi anapotekwa kwanza. Mwenye duka la vifaa vya umeme, awe katika Barabara ya Luthuli jijini Nairobi au katika mji mdogo wa mashambani, aghalabu humpokea mteja kwa neno moja: megapikseli. Mega ni neno la asili ya Kigiriki lenye maana ya kubwa, na katika vipimo husimamia milioni moja. Pikseli ni kitone kimoja kati ya vitone vinavyoijenga picha. Megapikseli 20, basi, ni vitone milioni 20, wala si zaidi ya hapo. Neno hilo halisemi iwapo vitone hivyo vimepata mwanga wa kutosha, wala halisemi lenzi iliyo mbele yake ni ya namna gani. Hata hivyo, likitamkwa dukani hugeuka kuwa sifa, mithili ya jigambo. Anayesikia 20 na 12 hudhani ameshamjua mshindi, kana kwamba anasomewa matokeo ya kandanda.

Hebu tuzipime tarakimu hizo. Tuchukue kamera mbili za kampuni ile ile ili asitokee wa kudai kwamba tunampendelea yeyote: IXUS 285 HS tuliyokwisha kuitaja, yenye megapikseli 20.2, na EOS 450D, kamera ya DSLR iliyotangazwa mwaka wa 2008, yenye megapikseli 12.2. Picha ya kamera ya kwanza ina vitone 5,184 kwa upana. Ya pili ina 4,272. Yaani tarakimu inayotangazwa dukani imepanda kwa zaidi ya nusu, ilhali upana wa picha umezidi kwa takriban moja ya tano tu. Aidha, picha ya kujaza karatasi ya A4, ikichapishwa kwa vitone 300 kwa kila inchi, haihitaji vitone vinavyofika milioni 9. Gazeti la ukutani, jarida la shule na picha ya mahafali hutoshelezwa na kamera ya mwaka wa 2008, na ziada ikabaki.

Lililo muhimu zaidi halitajwi kamwe. Ndani ya kila kamera ya dijitali mna kibamba kidogo kinachoupokea mwanga, ambacho hapa nitakiita kihisi. Kihisi cha kamera yetu ndogo kina upana wa milimita 6.2 hivi na kimo cha milimita 4.6; ni kadiri ya ukucha wa kidole cha mwisho. Kihisi cha ile DSLR kina milimita 22.2 kwa 14.8. Tukipiga hesabu ya eneo, cha kwanza hakifiki milimita 30 za mraba, na cha pili kinazidi 320. Tofauti ni zaidi ya mara 11.

Mfano wa shamba utatufaa. Kishamba kidogo kimepandwa miche milioni 20, na shamba lililokizidi zaidi ya mara 11 limepandwa miche milioni 12. Ukigawanya, utaona kwamba kila mche katika shamba kubwa una nafasi inayokaribia mara 19 ya ile ya mche wa kishamba. Mwanga nao ni mvua. Wakati wa mchana wa jua kali mvua ni nyingi, mashamba yote mawili hustawi, na tofauti haionekani kwa urahisi. Ni wakati wa kiangazi, yaani penye giza, ndipo msongamano unapodhihirika. Ni kweli kwamba mafundi wa miaka ya baadaye waliboresha kihisi kidogo kwa kuzihamishia nyaya zake upande wa nyuma ili zisizuie mwanga, na kwa hiyo kila kitone hunufaika zaidi kuliko zamani. Maendeleo hayo yamelipunguza pengo, lakini hayajaliziba.

Mathalani, tufikirie ukumbi wa shule wakati wa maandalizi ya Tamasha za Kitaifa za Drama na Filamu. Taa ni hafifu na waigizaji hawatulii. Mwanafunzi mwenye kamera ndogo akivuta picha karibu hadi mwisho, tundu la lenzi yake hubana hadi kipimo cha f/7. Mwenzake mwenye DSLR anaweza kuifungia lenzi ya milimita 50 yenye tundu la f/1.8, ambayo ni miongoni mwa lenzi za bei nafuu kabisa. Ikumbukwe kwamba kadiri tarakimu hiyo inavyopungua ndivyo tundu linavyopanuka. Kwa hesabu ya kawaida, tundu la pili hupitisha mwanga mara 15 ya lile la kwanza. Kamera ndogo italazimika ama kukaa wazi kwa muda mrefu, na mwigizaji atoke kama moshi, ama kuzidisha wepesi wa kihisi, na uso wake ujae chenga. Mwenye DSLR, kwa upande wake, itambidi asogee karibu na jukwaa, kwa kuwa lenzi hiyo haivuti. Hilo nalo si hasara, ni zoezi.

Sasa nirudi katika taaluma yangu. Kiswahili husema: mwanafunzi amepiga picha kwa kamera. Walimu wenzangu watakumbuka kwamba katika sentensi hiyo mwanafunzi ndiye kiima, picha ni shamirisho kipozi, na kamera ni shamirisho ala. Tangazo la biashara huipindua sentensi hii. Hutwambia kwamba kamera inapiga picha safi, kamera inatambua nyuso, kamera inachagua mwanga. Ala imenyanyuliwa ikawa kiima, na mwanafunzi ametolewa nje ya sentensi asirudi tena.

Katika kamera ndogo ya aina tuliyoitaja, upinduaji huo si wa maneno matupu. Haimpi mtumiaji uhuru kamili wa kuchagua mwenyewe upana wa tundu na muda wa kuupokea mwanga. Ikikosea, huwezi kuikosoa. Ikipatia, huwezi kueleza kwa nini imepatia. DSLR nayo ina uwezo wa kufanya yote peke yake ukitaka, lakini ukizungusha gurudumu lake hadi herufi M hukukabidhi mambo matatu yanayotawala kila picha: upana wa tundu, muda wa pazia kuwa wazi, na wepesi wa kihisi uitwao ISO. Mwanafunzi akimpiga picha mcheza ngoma kwa sehemu ya 30 ya sekunde, mikono hutoka kama ukungu. Akichagua sehemu ya 250, mikono husimama hewani, lakini picha hupungukiwa na mwanga, na sharti atafute fidia kwenye tundu au kwenye ISO. Hapo amekutana na kanuni, na ameigundua kwa macho yake mwenyewe. Isitoshe, kamera huhifadhi vipimo hivyo pamoja na picha, hivi kwamba darasa zima linaweza kuketi jioni, likalinganisha picha tano na kueleza chanzo cha kila kasoro.

Mwalimu wa Fizikia naye ana fungu lake. Lenzi ya DSLR hufunguliwa ikatoka, na wanafunzi wakakiona kioo kilichoinama kwa nyuzi 45, kinachourusha mwanga juu hadi kwenye kidirisha cha kuchungulia. Kidude kikibonyezwa, kioo huinuka, pazia hufunguka, na mwanga ule ule uliokuwa ukilifikia jicho hukiangukia kihisi. Somo la lenzi na vioo, ambalo wengi hulikariri kutoka vitabuni, liko hapo mezani, laweza kushikwa.

Haki nayo izingatiwe. Kamera ndogo ina sifa zake, na kubwa ina aibu zake. IXUS ina uzito usiozidi gramu 150 hivi, ilhali EOS 450D hukaribia nusu kilo kabla ya kutiwa betri na lenzi. Ndogo hutiwa mfukoni katika ziara, haiwatishi wanaopigwa picha, na lenzi yake huvuta mara 12, jambo linalofaa sana katika uwanja wa michezo penye jua. Tena hurekodi video, na EOS 450D hairekodi video hata ya sekunde moja. Shule inayokusudia kutengeneza filamu haina budi kutafuta DSLR ya baadaye kidogo, mathalani EOS 500D ya mwaka wa 2009. Vilevile, si kamera zote ndogo zinazomfunga mtumiaji mikono. Sony RX100, iliyotoka mwaka wa 2012, ina kihisi cha milimita 13.2 kwa 8.8 na humwachia mtumiaji vipimo vyote. Bei yake tu ndiyo isiyoshikika kwa urahisi.

Anayenunua kuukuu naye awe macho. Aidai kamera dukani, aifungue na kuijaribu. Ainue lenzi dhidi ya mwanga atazame kama imeota kuvu, ugonjwa unaozisumbua lenzi katika hewa yenye unyevu kama ya Pwani. Aupige picha ukuta mweupe kwa tundu jembamba. Vidoa vikijitokeza mahali pale pale katika kila picha, basi kihisi kimeingia vumbi. Aulize kama betri mpya za aina hiyo zapatikana, na kadi ya kumbukumbu ni ya namna gani, kwa kuwa baadhi ya DSLR za mwanzo hutumia kadi kubwa ambazo sasa ni adimu madukani. Tena akumbuke kwamba pazia la kamera huchakaa kwa kufunguka na kufungika mara nyingi, na kamera iliyotoka kwa mpigapicha wa harusi huenda imekwisha kazi ingawa ngozi yake yang'aa.

Baada ya kuyapima yote hayo, hoja yangu ni hii. Ikiwa shule inataka kumbukumbu tu, yaani picha za wageni, za ziara na za siku ya wazazi, kamera ndogo inatosha, na hata simu ya mwalimu yatosha. Ikiwa inataka kufundisha, na ainunue DSLR kuukuu iliyokaguliwa vyema, na pesa zitakazosalia zinunue lenzi ya pili na betri ya akiba. Mwanafunzi aliyeizoea ataweza kuishika kamera yoyote baadaye, iwe ya kioo au isiyo na kioo, kwa sababu tundu, muda na ISO havibadiliki kwa kubadilika mitindo. Wapo vijana wanaojipatia riziki kwa ujuzi huo, kuanzia wapigapicha wa Bustani ya Uhuru hadi wanahabari wa magazeti yetu, na si haki mtoto wa mzazi maskini aukose kwa sababu shule yake ilivutwa na tarakimu.

Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Kikao cha bajeti kitakapoketi muhula ujao, na muuzaji aje na karatasi yake yenye megapikseli 20, mwalimu na amuulize swali moja kabla ya kuuliza bei: katika kamera hii, mwanafunzi wangu atafanya nini mwenyewe?