Somo la kwanza la falsafa lianze na mtondogoo

Wiki ya kwanza ya muhula ukumbi hufurika, waliochelewa wakakaa kwenye ngazi. Mhadhiri anaandika ubaoni jina la Thales wa Mileto, Mgiriki aliyesema asili ya vitu vyote ni maji. Kalamu zinakimbia. Baada ya wiki chache viti vitupu vinaanza kuonekana, na waliobaki wanaulizana nani ana madesa ya mwaka jana.

Thales hana kosa, ila ametangulizwa mno. Kijana aliyetoka kidato cha sita hana ugomvi naye, na asiye na ugomvi atakariri tu.

Yuko anayeweza kumchokoza vizuri zaidi. Mwaka 1969 John Mbiti, mchungaji wa Kianglikana kutoka Kenya aliyekuwa akifundisha Makerere, alitoa kitabu African Religions and Philosophy. Humo alidai kuwa Mwafrika wa jadi ana zamani ndefu na sasa pana, lakini wakati ujao wa mbali karibu hana. Kitabu ni cha Kiingereza, ila maneno aliyoyabebesha hoja yenyewe ni ya Kiswahili: Sasa na Zamani. Mwanafunzi wa Tanga au Mombasa hapo hahitaji kamusi. Ameguswa nyumbani kwake.

Hoja hiyo ikishushwa kwenye vimbweta pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, haitakosa wa kuidaka. Wa kwanza atang'aka: mbona tuna kesho, kesho kutwa, mtondo na mtondogoo! Vizuri, lakini ahesabu: mtondogoo umefika na wiki haijatimia, ilhali Mbiti anazungumzia miaka. Mwingine ataleta mnazi. Bibi anayepanda mnazi wa kienyeji anajua atangoja miaka sita au zaidi kabla ya kuangua dafu la kwanza. Je, huyo haoni mbali? Hoja ina uzito. Tatizo ni kwamba Mbiti alikwisha kuyatenga mambo yanayofuata mzunguko wa maumbile, na mnazi kuzaa ni mzunguko huohuo. Basi itafutwe njia nyingine, labda wakfu, mali inayowekwa kwa ajili ya watu ambao hawajazaliwa. Hapo nao utazuka ubishi mpya: kilichokuja pwani pamoja na Uislamu, kikakaa karne kadhaa, ni cha jadi au si cha jadi?

Hakuna aliyetamka neno mantiki, na kazi yake imeshafanyika.

Mfano wa pili uko Nairobi. Henry Odera Oruka, aliyesomea Uppsala nchini Sweden kabla ya kufundisha Chuo Kikuu cha Nairobi, aliwaendea wazee wa vijijini akarekodi mazungumzo yao, na mwaka 1990 kikatoka kitabu chake Sage Philosophy. Aliwagawa wazee hao: kuna anayesimulia vyema yale ambayo kabila lake linaamini, na kuna anayeyapima na hata kuyakataa. Katika kundi la pili alikuwamo Paul Mbuya Akoko, mzee wa Kijaluo. Mbuya alisema ujima wa Wajaluo haukuwa kugawana mali kwa ukarimu. Mwenye ng'ombe wengi aliwapa wasio nao wawatunze na kuwatumia, lakini hakuwatoa moja kwa moja.

Maneno hayo yawekwe kando ya kijitabu cha Mwalimu Nyerere cha mwaka 1962 kuhusu Ujamaa, kinachosema kuwa katika jamii ya jadi hakuna aliyelala njaa kwa kukosa mali yake mwenyewe, kwa sababu aliutegemea utajiri wa jamii. Je, wawili hawa wanapingana, au wanamtazama ng'ombe mmoja kutoka pande mbili? Ni swali la mtihani ambalo desa haliwezi kulijibu.

Wapo watakaolalamika kwamba Wagiriki wanatupwa. Hawatupwi. Socrates aje wiki ya nne, na atapokewa kama jamaa, maana naye kazi yake ilikuwa kuwasimamisha watu sokoni na kuwauliza mpaka wakereke. Na ingawa vyuo vyetu vinafundisha kwa Kiingereza, mijadala hiyo ya mwanzo iendeshwe kwa Kiswahili, kwa sababu mtu habishani sawasawa huku anatafuta maneno.

Kisha ije likizo. Mwanafunzi wa Siaya au Tarime arudi nyumbani, amuulize babu yake: ng'ombe wa jirani akizalia katika zizi letu, ndama alikuwa wa nani?