Viroba vya Jamuna: Modeli Haijathibitisha Kinachodaiwa

Hoja ya watetezi wa modeli mmeisikia: ukingo wa Jamuna, ndio Brahmaputra ukishaingia Bangladesh, unaweza kulindwa kwa viroba vya mchanga, na modeli ya kompyuta imethibitisha kwamba viroba hivyo havitang'oka. Nusu ya kwanza naikubali. Kitambaa imara kilichojazwa mchanga wa mto huohuo ni nafuu kuliko matofali ya zege, na mradi wa Jamuna-Meghna uliofadhiliwa na Benki ya Maendeleo ya Asia ulikitumia kwa wingi. Ugomvi wangu uko kwenye nusu ya pili.

Kwanza wanadai kuwa uzito unatosha. Modeli imekokotoa kasi ya maji, ikailinganisha na kasi ya kung'oa kiroba cha kilo 126, na kiroba kimeshinda. Hesabu ni sahihi, ila imejibu swali lisilo lenyewe. Programu ya kukokotoa mtiririko wa mito kama HEC-RAS, ikiendeshwa kwa mwelekeo mmoja, hutoa kasi ya wastani ya mkondo mzima. Hata hesabu ya mielekeo miwili, iliyoongezwa mwaka 2016, bado hupiga wastani kutoka uso wa maji hadi sakafuni. Penye kona, maji hujisokota, hushuka kando ya ukingo wa nje na kuchimba mguu wake. Mwendo huo wa kushuka haumo kwenye wastani. Wala kiroba hakihitaji kung'olewa: mchanga wa chini yake ukiondoka, kinaporomoka pamoja na kilo zake zote 126. Kinga ya ukingo wa Jamuna mjini Sirajganj ilijengwa kwa matofali ya zege, na bado sehemu yake ilizama mtoni mwaka 2009. Anayetegemea uzito aeleze hilo.

Pili, wanasema modeli imelinganishwa na majaribio ya maabara, viroba vikiwa vimepunguzwa mara kumi kwa urefu, upana na unene. Tufanye hesabu hiyo. Kiroba cha kilo 126 kinakuwa cha gramu 126. Maji ya mita 3 kwa sekunde yanaigizwa kwa kasi isiyofika mita 1 kwa sekunde. Hadi hapo hakuna kosa. Lakini mchanga wa Jamuna ni mwembamba mno; upunguze mara kumi na unapata tope, linalomomonyoka kwa kanuni nyingine. Ugumu wa kitambaa na mishono yake nao haupungui kwa kufuata uzito. Kulingana na maabara ni kulingana na maabara. Mto bado haujaulizwa.

Hapa ndipo wanapojipinga wenyewe. Wanapousifu ubora wa viroba, wanasema vinajikunja: vinarundikwa kwenye mguu wa ukingo ili, sakafu ikichimbika, vishuke vyenyewe na kuufunika mteremko mpya. Ni kweli, na ndiyo sababu kubwa ya kuvichagua. Lakini modeli ikikifanya kiroba kuwa mipira migumu iliyounganishwa, na sakafu ya mto ikabaki palepale, imefuta kujikunja, imefuta na kushuka. Haiwezekani kusifu sifa fulani kwenye ripoti, kuiondoa kwenye hesabu, kisha kutangaza kwamba hesabu imeithibitisha.

Kwamba modeli ni nafuu kuliko kupima kina cha maji kila baada ya mafuriko, sibishani sana. Ni nafuu kwa sababu inatumia vipimo vya zamani, katika mto ambao mikondo yake huhama mamia ya mita kwa msimu mmoja.

La mwisho, eti anayepinga haya anapinga sayansi. Modeli hizi zina kazi nzuri: zinaonyesha namna safu za viroba zinavyofeli, kama ni kuteleza, kuinuliwa na maji, au kukosa egemeo kwenye mguu. Mhandisi akijua hayo, anajua pa kuangalia. Sasa apelekwe pale kwa mashua yenye kipima kina, maji yakianza kupungua, na walete ramani ya sakafu ya mwaka huu kabla ya kuomba saini ya mtu yeyote kuidhinisha kinga hiyo.