Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Neno kwa Wanaopiga Hema Nariokotome

Mwezi wa Agosti 1984, watafiti wa mifupa ya kale walikuwa wamepiga kambi kando ya mto Nariokotome, magharibi mwa Ziwa Turkana. Mto wenyewe ni laga, mto wa mchanga: maji huupitia siku chache za mvua kisha hutoweka, na migunga ya ukingoni ndiyo inayowapa watu na mifugo kivuli. Siku hiyo ilikuwa ya mapumziko. Kamoya Kimeu, mkuu wa wasaka-mifupa, mtu wa Ukambani, hakulala. Alivuka mchanga akatembea upande wa pili, macho chini kama ilivyokuwa desturi yake, akaona kipande kidogo cha fuvu chenye rangi ile ile ya kokoto zilizokizunguka. Mwingine angekikanyaga akapita.

Kipande hicho ndicho kilichowafikisha wenzake, wakiongozwa na Richard Leakey na Alan Walker, kwenye mifupa ya mvulana aliyeishi hapo yapata miaka milioni 1.5 iliyopita. Ulimwengu ukamwita Kijana wa Turkana. Mwaka 1985 Kamoya alipokea nishani ya heshima mkononi mwa Rais Ronald Reagan huko Washington, na jina la Nariokotome, ambalo hata Wakenya wengi hawakuwahi kulisikia, likaingia katika vitabu vya shule duniani kote.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu siku hizi wengi wetu tunatafuta mapumziko ya nje. Likizo ikifika, vijana wa Nairobi, Eldoret na Kitale hukunja mahema, hupakia majiko ya gesi, wakaelekea Mlima Kenya, Mlima Elgon, Watamu au Diani. Na wanaofika Turkana, hadi fukwe za Eliye na kaskazini zaidi, wanaongezeka. Siwalaumu. Mwili uliochoka una haki ya kupumzika, na ni afadhali kijana ahesabu nyota kuliko kuhesabu chupa. Ninalouliza ni hili: tunapopumzika, tunatembea kama Kamoya aliyetazama alipokanyaga, au kama yule ambaye angepita?

Ndugu msomaji, neno “kambi” lina uzito wake katika Turkana. Kakuma, barabara ya kwenda Lokichoggio, kambi imekuwapo tangu 1992, ilipowapokea watoto na vijana waliotembea kwa miguu kukimbia vita vya Sudan. Wapo waliozaliwa humo, wakakua humo, wakazaa humo. Kwao turubai si burudani. Nao wafugaji wa Kiturkana huhama na mbuzi na ngamia wao kufuata majani, na usiku mzee hulaza kichwa juu ya ekicholong, kile kigoda kidogo cha mti, akalala nje pasipo mtu wa kumpiga picha. Katika nchi ya namna hiyo, mtu alalaye nje kwa hiari yake, na siku ya tatu akarudi kwenye godoro lake, hana budi kuwa na adabu maradufu.

Wazee wetu walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mgeni njoo, mwenyeji akutazame. Methali hiyo ndiyo kipimo ninachotaka tukitumie kwa kila hema linalosimamishwa katika nchi hii, mlimani au ufukweni. Je, mwenyeji amepona?

Atatokea mtu aseme: “Mwenyeji gani? Pale ni jangwa, hapana mtu.” Hili ndilo kosa la kwanza, na ndilo mama wa makosa mengine. Turkana haina ardhi isiyo na mwenyewe. Kando ya mito ya msimu, Waturkana wana desturi iitwayo ekwar: kila sehemu ya ukingo ina jamaa wanaoitunza, na miti iliyo hapo ni yao. Maganda ya mgunga yakidondoka wakati wa kiangazi, ni chakula cha mbuzi wa jamaa hao. Kisima kilichochimbwa katika mchanga wa laga kina aliyekichimba, na aliyekichimba ana zamu na utaratibu wake. Basi mgeni anayekata tawi bichi ili achome nyama ameingia ghalani mwa mtu, na anayetumbukiza ndoo yenye sabuni kisimani ametia uchafu katika chungu cha mwenziwe.

Kuni, kwa hiyo, ulizia na ununue. Kama una jiko la gesi, litumie. Tusisahau pia kwamba moto mdogo hauna heshima kwa mkubwa wala mdogo. Oktoba 2020 Mlima Kilimanjaro uliwaka kwa siku kadhaa, na maofisa wa hifadhi walieleza kwamba moto ulianzia Whona, mahali wapanda mlima wanapopumzikia, katika kupasha chakula. Mlima mrefu kuliko yote Afrika uliunguzwa na mlo wa mchana. Huku kwetu, ambako upepo wa ziwa huvuma kwa nguvu za kuzungusha mitambo 365 ya umeme kule ng'ambo karibu na Loiyangalani, cheche moja yatosha kuteketeza kibanda cha makuti na kila kilichomo.

Upepo huo huo ndio hakimu wa wanaolidharau ziwa. Mwaka 1934 msafara wa Mwingereza Vivian Fuchs ulipeleka watu wawili Kisiwa cha Kusini. Hawakuonekana tena, na hadi leo hakuna ajuaye vyema kilichowapata. Wavuvi wa Kalokol na Lowarengak wanajua saa ya kuingia majini na saa ya kukaa nchi kavu, asiyewasikiliza anajipeleka. Vivyo hivyo kwa laga. Mchanga wake ni laini, tambarare, unamwita mchovu atandike. Usitandike. Mvua inaweza kunyesha milimani mbali ambako huoni hata wingu, na maji yakafika usiku bila kubisha hodi. Mamba wamo ziwani, na nge hupenda kiatu kilichoachwa nje. Maji ya ziwa lenyewe ni ya magadi. Si ya kuyategemea kwa kunywa. Chukua maji yako kutoka Lodwar, ya kukutosha na kuzidi, ili usiwe mzigo kwa kijiji ambacho mama hutembea mwendo mrefu kwa ajili ya mtungi mmoja. Na kabla ya kusonga kaskazini kuelekea Todonyang na mpaka wa Ethiopia, pita kwa chifu na polisi uulize hali ya usalama. Kuuliza si ujinga.

Kisha ipo mifupa. Kutoka Nariokotome hadi Lomekwi, ambako mwaka 2015 watafiti walitangaza zana za mawe zenye umri wa miaka milioni 3.3, ardhi hii ni maktaba iliyolala chini. Ukiona jiwe lenye umbo la jino au kipande kinachofanana na mfupa, kiache pale pale kilipo. Kamoya hakukitia mfukoni kile kipande. Kama angekitia, tungebaki na pambo la mezani badala ya Kijana wa Turkana, kwa maana mfupa uliong'olewa mahali pake ni ukurasa uliochanwa kitabuni. Sheria ya Makavazi ya Taifa na Turathi ya mwaka 2006 inakataza kuvichukua vitu hivyo. Lakini mtu mwenye haya hangojei sheria.

Sasa nigeuke upande wa pili, maana mawaidha yakimwelekea mgeni peke yake huwa masimango. Wapo viongozi wanaosema: tuleteeni wawekezaji, tujenge mahoteli, ajira zitakuja. Huenda zikaja. Lakini tutazame Pwani ya Bahari ya Hindi. Zipo sehemu ambako mvuvi, mjukuu wa wavuvi, leo hutafuta kichochoro kati ya kuta mbili ili aifikie bahari ya babu zake. Kuta zile hazikuota usiku mmoja. Zilianza na kipande hiki na kile cha ufukwe, huku wenyeji wakiambiwa wangojee neema. Waturkana wanayo nafasi ambayo wenzao hawakuwa nayo: Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 inaziruhusu jamii kuisajili ardhi yao kwa jina lao. Basi isajiliwe kwanza, ndipo mwekezaji akaribishwe kama mpangaji. Mlango ukishafungwa, kubisha ni kazi ngumu.

Tena ziwa lenyewe limetoa onyo. Miaka ya karibuni maji yamepanda, yakameza fukwe na majengo yaliyojengwa karibu mno. Hema hukunjwa likasogezwa. Ukuta wa saruji hungoja kuzama. Kambi ndogo za mahema na vibanda vya makuti ya mkoma, zikimilikiwa na jamii, zinaifaa Turkana kuliko jumba la ghorofa. Wala tusidhani hazina hii ni ya milele. Hifadhi za Ziwa Turkana, yaani Sibiloi, Kisiwa cha Kati na Kisiwa cha Kusini, ziliingizwa katika Urithi wa Dunia kuanzia 1997. Mwaka 2018 UNESCO ikaziandika katika orodha ya urithi ulio hatarini, sababu kubwa ikiwa mabwawa ya Mto Omo, unaoleta sehemu kubwa kabisa ya maji ya ziwa. Wakenya wasiolijua ziwa hili watalitetea vipi? Hiyo ni sababu nyingine ya kusema: njooni.

Nanyi vijana wa Nariokotome, Kataboi na Lodwar, mgeni akifika msimngoje na mkono ulionyoshwa. Mngojeeni na ujuzi. Jifunzeni habari za Kijana wa Turkana msije mkasimuliwa nyumba yenu na mtu wa mbali. Wekeni bei moja inayojulikana, ya kulala, ya kuongozwa, ya mashua, isibadilike kwa rangi ya ngozi wala kwa aina ya gari. Samaki wa kina mama na vikapu vyao vya makuti vinunuliwe hapo hapo kambini, si kwa huruma bali kwa kuwa ni vizuri. Na sehemu ya mapato iende kwenye kisima au shule, hesabu yake isomwe hadharani chini ya mti, kila mtu akisikia. Mwenyeji asiyejua fedha ilikokwenda hajapona.

Wewe nawe uliyeshika safari, kumbuka Kamoya amekwisha kutangulia. Alifariki Julai 2022. Ametuachia funzo ambalo halihitaji shahada: kwamba mtu aweza kupumzika na bado akaiheshimu ardhi iliyomlaza. Asubuhi ya kuondoka, mwagia maji majivu mpaka yapoe, uokote kila karatasi na kila chupa, yako na ya aliyekutangulia, uzirudishe mjini. Kisha, kabla ya kuwasha gari, mwendee mwenye mgunga uliokupa kivuli, uagane naye vizuri, umlipe haki yake, umuulize kama ungekaribishwa tena. Jibu lake ndilo litakalokwambia ulikuwa mgeni wa namna gani.